Banda Tulilommalizia Kimya

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umeegemea ukuta wa duka lililofungwa zamani. Mimi ndiye mwenye kahawa. Wananiita Birika, na jina nililopewa na mama yangu sijalisikia miaka. Jiko langu la mkaa liko kichwani mwa benchi, na juu yake nimelaza kipande cha wavu wa chuma, upana wake shubiri moja, ili birika lisiyumbe. Anayekaa karibu nami ni Msumari, seremala, ambaye hawezi kufikiri bila msumari kwenye pembe ya mdomo. Anafuata Korokoroni, mlinzi wa ghala, halafu Daftari, karani mstaafu, anayeamini kwamba jambo ambalo halikuandikwa halikutokea. Mwisho wa benchi kuna nafasi ya mtu mmoja. Hapo alikuwa akikaa Kimya, fundi saa, ambaye mke wake sote tunamwita shemeji. Tangu tumzike, hii ni wiki ya saba, hapakai mtu, na kikombe chake nakisuuza kila siku pamoja na vingine, kisha nakifunika. Hakuna aliyeniagiza.

Siku hiyo wingu lilikuwa limekaa chini tangu saa nane mchana. Korokoroni alikuja akitembea polepole, na yeye si mtu wa kutembea polepole kwenye kahawa.

Korokoroni: Wanne.

Daftari: Wanne nini?

Korokoroni: Kuku wanne wamekufa. Natoka kwa shemeji sasa hivi. Amewapanga ubavuni mwa banda kama viatu vya wageni.

Msumari akautoa msumari mdomoni.

Msumari: Kufuli je?

Korokoroni: Kufuli zima.

Msumari: Damu?

Korokoroni: Hata tone. Unyoya haujang'oka.

Daftari: Ngoja nione. Wiki ya kwanza walikufa watatu. Wiki iliyopita watano. Leo wanne. Walikuwa ishirini na wanne, sasa wamebaki kumi na wawili.

Mimi: Daftari, hesabu hiyo tunaijua sote. Shemeji amesemaje?

Korokoroni: Hakusema mengi. Amesema akifa hata mmoja tena, waliobaki anawagawa, anafunga mizigo anarudi kwao. Eti nyumba ile imekuwa kubwa, na kilichokuwa kinamfanya aamke asubuhi ni sauti za wale kuku.

Nikamimina kahawa.

Lazima nieleze habari ya hilo banda, kwa sababu na mimi mkono wangu umo. Kimya alijua anakwenda. Daktari alimwambia, naye akatuambia sisi kwa maneno matatu, halafu akanywa kahawa yake. Miezi ile ya mwisho hakutengeneza saa za watu sana. Alinunua vifaranga, akavilea kwenye stoo ya jikoni, na huku nyuma ya nyumba akawa anajenga banda ili siku vikikua na kuanza kutaga, mke wake awe na cha kushika. Banda lilisimama juu ya miguu minne, kila mguu ndani ya kopo la mafuta machafu ili siafu wasipande. Mbao zilikazwa vizuri. Lakini chini ya paa, pande tatu, aliacha wazi nafasi ya shubiri moja, akapigilia wavu tu. Na bati zake zilichomoza nje mkono mzima kupita ukuta. Sisi tuliangalia tukasikitika. Maskini, tukasema, mbao zilimwishia, na ugonjwa ulimkosesha kipimo cha bati.

Hatukuona ajabu, kwa sababu Kimya tulimjua hivyo. Ukimpelekea saa, kesho yake unaikuta mgongo wazi juu ya meza, imefunikwa kwa bilauri, na bilauri yenyewe imeinuliwa upande mmoja kwa njiti ya kiberiti. Ukimwuliza kama bado, anakujibu, "Imekwisha." Halafu hakupi mpaka siku inayofuata. Hapa kijiweni tulikuwa na msemo wetu, kwamba kazi ya Kimya haina mwisho. Tulimtania nao mpaka wiki aliyolazwa, naye alikuwa akitabasamu tu.

Basi Jumapili ya kwanza baada ya mazishi tulikwenda kummalizia. Msumari aling'oa wavu, akaziba ile nafasi kwa mbao pande zote tatu. Kisha tukawahamisha kuku. Walipokufa watatu, tukarudi tukaongeza bati ukutani. Walipokufa watano, mimi mwenyewe nilitoa plastiki yangu ya kufunikia meza wakati wa mvua, tukalivisha banda lote. Tulifanya kwa mapenzi. Sisemi hivyo ili nijitetee.

Korokoroni: Mimi nasema ni nguchiro.

Msumari: Nguchiro apite wapi? Lile banda hata wembe haupiti.

Korokoroni: Sasa sikia. Nimelinda ghala miaka kumi na tisa. Yuko nguchiro mwizi, huyo anang'ata na kukimbia. Na yuko nguchiro mzee, meno yamekwisha. Huyu haingii. Anasimama nje, anaweka jicho kwenye upenyo, anamtazama kuku mpaka kuku anakufa kwa hofu.

Daftari: Umemwona wewe?

Korokoroni: Angeonekana angekuwa mzee gani huyo? Chini ya mlango pale kuna upenyo wa kidole. Ndio dirisha lake.

Daftari: Hapo kwenye upenyo nakuunga mkono, ila mnyama hayupo. Ni upepo. Watu wanaogopa tundu kubwa, kumbe lenye madhara ni dogo. Upepo ukipita kwenye tundu kubwa unatawanyika. Ukipita kwenye tundu la msumari unakuwa mwembamba kama sindano, unamchoma kuku kwenye pafu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Msumari: Nyufa nimeziba zote.

Daftari: Matundu ya misumari je? Mle ulimong'oa ule wavu? Yanatakiwa nta ya mshumaa, moja baada ya jingine.

Mimi: Shemeji anasema usiku anawasikia wanakoroma.

Daftari: Unaona? Mafua. Baridi hiyo.

Mimi: Lakini mimi Jumamosi niliingiza mkono, Daftari. Mle ndani hakuna baridi. Mna joto la kutosha kuumua unga. Na mbao zinatoka jasho.

Daftari: Jasho ni unyevu wa nje umepenya. Maana yake bado hatujaziba vya kutosha.

Alilisema kwa sauti ile ya ofisini, sauti ambayo miaka yote imewafanya watu wajione wamekosea fomu. Mimi ni muuza kahawa. Nilinyamaza, na leo najilaumu kwa kunyamaza huko kuliko kwa ile plastiki.

Korokoroni: Na kitu kingine hamtaki kukisema, nitakisema mimi. Jicho. Yule mama wa cherehani ng'ambo ya barabara, kila asubuhi akifungua dirisha anatazama kwa shemeji. Anahesabu. Kuku wa mtu hawahesabiwi.

Msumari: Mbona Daftari anawahesabu kila wiki, tena kwa wino?

Daftari akalifunga daftari lake, akaliweka chini ya paja.

Korokoroni: Huyu ni wa nyumbani. Nasema watu wa nje. Tutundike pazia zito upande ule, wasionekane kabisa. Kinga na kinga, ndipo moto uwakapo.

Mimi: Hiyo ni ya kuni, Korokoroni. Vipande viwili vya kuni.

Korokoroni: Kinga ni kinga.

Siku nyingine tungecheka. Msumari alikuwa ameinama, anaugeuza ule msumari kati ya vidole vyake. Alipozungumza hakumtazama mtu.

Msumari: Anawaita.

Daftari: Nani?

Msumari: Mwenyewe. Kimya. Nawaambia jambo ambalo sikuwaambia siku ile. Ule wavu nilipata taabu kuung'oa. Nilidhani ni wa muda, nitauvuta kwa mkono. Kumbe kila msumari aliupitisha mpaka ng'ambo, kisha akaukunja ncha kwa ndani. Yote. Nilihesabu misumari zaidi ya themanini. Mtu anayepigilia kwa muda hakunji misumari. Mimi ni seremala, najua. Nilipokuwa naing'oa ilikuwa inalia, na nilihisi kama mtu ananishika mkono. Sasa naona ana hasira na sisi. Anawachukua kuku wake mmoja mmoja.

Upepo wa mvua ukapita, ukainua majivu ya jiko langu kidogo.

Daftari: Alikuwa mgonjwa, Msumari. Mgonjwa hajui anachofanya.

Korokoroni: Na kama ana hasira afanyeje? Asiyekuwapo na lake halipo.

Methali hiyo huambiwa mtu aliyechelewa kwenye chakula, akakuta sufuria tupu. Kumwambia marehemu wa wiki saba, tena mbele ya kikombe chake, ilinichoma moyoni. Naamini na Korokoroni ilimchoma, kwa sababu alikunywa kahawa yote kwa pigo moja na ilikuwa ya moto.

Daftari: Haya, tukate shauri kabla mvua haijanyesha. Msumari, ubao chini ya mlango. Mimi nitaleta mishumaa. Korokoroni, pazia. Birika, una plastiki nyingine?

Mimi: Ninayo ya kufunikia mkaa.

Daftari: Ilete. Penye wengi hapaharibiki neno.

Msumari alikuwa ameshavuta mfuko wake wa vifaa tulipomwona mama mmoja tusiyemjua anavuka barabara. Alikuwa mtu mzima, ana kikapu mkononi na fimbo upande wa kushoto, na mguu wa upande huo aliuweka chini kwa uangalifu. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la safari. Akafika, akatazama benchi, na kabla hatujajua la kufanya akakaa mwisho kabisa, palepale.

Tukatazamana.

Mama: Hamjambo, wadogo zangu?

Sisi: Hatujambo. Shikamoo.

Mama: Marahaba. Nimeelekezwa hapa na wifi yangu. Mimi ni dada yake fundi saa. Dada mkubwa.

Daftari: Karibu sana, dada. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mama: Ahsante. Kwenye mazishi sikufika. Nyonga ilikuwa imevunjika, nilikuwa kitandani, mguu umening'inizwa. Ndugu yangu akazikwa mimi natazama dari. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeweza kupanda gari.

Tukampa pole, kila mmoja kwa zamu yake, naye akazipokea kila moja kwa kuinamisha kichwa. Nikakifunua kile kikombe, nikakijaza, nikampa.

Mama: Wifi ameniambia mambo mliyomtendea. Amesema hamjamwacha hata wiki moja. Nimekuja kuwashukuru, maana mimi nilikuwa wa kuja kwanza na nimekuwa wa mwisho.

Korokoroni: Alikuwa ndugu yetu, dada. Umeliona banda?

Mama: Nimeliona.

Korokoroni: Sasa hivi mle hampiti hata mbu.

Mama: Kweli. Nilifungua mlango nikaingiza kichwa. Macho yakaanza kuchuruzika. Nikajua namlilia ndugu yangu, nikayaacha yatoke, maana nilikuwa sijamlilia vizuri. Nilipotoa kichwa nje yakakauka. Nikaingiza tena, yakatoka tena. Ile harufu ya mavi ya kuku, wadogo zangu, imeshika humo mpaka kooni.

Alikunywa kahawa kidogo, akatazama vizuri kile kikombe, kama anayejua ni cha nani.

Msumari: Dada, lile banda yeye aliliacha halijaisha. Sisi ndio tuliommalizia.

Mama akamgeukia. Hakukunja uso. Aliuliza kwa sauti ya mtu aliyepotea anayeulizia njia.

Mama: Nani aliwaambia hakuwa amemaliza?

Msumari akafungua mdomo. Msumari aliokuwa ameurudisha ukaanguka, ukabingirika mpaka chini ya benchi, na hakuinama kuutafuta. Nikamtazama Daftari. Alikuwa amelitoa daftari lake, anafunua kurasa za nyuma, za wiki ile ya mazishi, akifika mwisho anarudi mwanzo. Korokoroni alikuwa anatazama lami. Na mimi nilikuwa naiona ile meza ya kutengenezea saa, bilauri juu ya saa iliyo wazi, na njiti ya kiberiti chini ya mdomo wa bilauri. Alikuwa akiziosha saa kwa petroli. Bilauri ilikuwa ya kuzuia vumbi. Njiti ilikuwa ya kupitisha hewa, ili petroli ikauke kabla hajafunga. Miaka kumi na zaidi nimeiona njiti ile nikaifanya mzaha, na swali hata moja sikumwuliza.

Yeye alikuwa mtu wa maneno machache. Sisi tulikuwa na maneno mengi, na katika hayo yote hakuna aliyesema, "Kimya, hii ni ya nini?"

Mama: Wifi anasema kulikuwa na wavu. Uko wapi?

Swali hilo tulilijua jibu lake. Wote watatu waligeuka wakatazama jiko langu.

Siku ile ya Jumapili Msumari alitaka kuutupa. Nikamwambia nipe mimi, upana wake unafaa kwa birika. Pande mbili ziko nyuma ya lile duka lililofungwa, zimekunjwa, na ule wa tatu nimeupikia kahawa tangu siku hiyo, ukawa mweusi. Nikaliinua birika nikaliweka chini. Lilikuwa na kahawa ya vikombe ishirini bado, na watu walikuwa wanaanza kutoka kazini. Nikaushika wavu kwa pembe ya kanzu yangu, nikauvuta juu ya makaa.

Mimi: Dada, tusamehe.

Mama: Kuku wangapi wamebaki?

Daftari: Kumi na wawili.

Mama: Basi nyanyukeni.

Msumari alinyoosha mkono. Nikamwambia subiri, wa moto huu, nikutafutie kitambaa. Hakusubiri. Akaupokea kwa kiganja kitupu, akashika nyundo kwa mkono wa pili, upande wa kung'olea, akatangulia.

Tulifanya kazi bila kubishana, jambo ambalo kijiwe chetu hakijawahi kulifanya. Plastiki niliivua mwenyewe. Bati likafuata, kisha mbao za Msumari, pande zote tatu, na ubao wa kwanza ulipotoka ile harufu ilitoka nao mpaka Korokoroni akarudi nyuma. Tukaupigilia wavu mahali pake, pamoja na zile pande mbili nilizozileta kutoka nyuma ya duka. Msumari alikunja kila ncha kwa ndani. Shemeji alisimama mlangoni mwa jikoni, amekumbatia mikono, wifi yake kando yake, na hatukuweza kumtazama usoni.

Mvua ilituwahi upande wa tatu haujaisha. Daftari akasema, "Sasa itawalowesha," na kwa kweli sote tuliogopa hivyo. Tukajibanza ukutani kutazama. Maji yalishuka juu ya paa, yakatembea mpaka ukingoni mwa zile bati tulizosema amekosea kuzipima, yakaanguka mkono mzima mbele ya wavu. Yalichimba mfereji mwembamba ardhini kuzunguka banda. Msumari akapitisha vidole kwenye wavu, akavitoa, akatuonyesha vikiwa vikavu.

Kuku mmoja akasogea mpaka pale, akainua kichwa, akatulia. Kisha wa pili. Shemeji akaja kwenye mvua bila kujifunika, akasimama nao.

Korokoroni akavua kofia yake ya kazi. Daftari alikuwa na kalamu mkononi na ukurasa umefunguliwa chini ya bati, na nilimwona anaandika mstari mmoja tu, halafu akanionyesha. Alikuwa ameandika tarehe ya wiki nane zilizopita, na mbele yake: *Kimya amemaliza banda.*